Namba Tatu ya Haji Bayumi

Haitham kaninyooshea bunduki yangu bila kuniuliza. Mtoto wa dada yangu Nargis, kijana mzima, ndevu zimemfika kifuani, cheti cha ufundi umeme kimetundikwa sebuleni kwao, lakini akili ya kumuuliza mwenye mali yake hana. Nilimpa bunduki yangu ya upepo aipeleke Damanhur ikatiwe springi mpya, maana ile ya zamani ilikuwa imechoka, ukifyatua inakohoa tu. Springi. Basi. Sikumtuma kingine. Akarudi alasiri anachekacheka, kaishika kwa mikono miwili kama mtu aletaye sinia la harusi.

"Mama mkubwa, nimekufanyia hisani. Kile kijino cha mbele cha kulengea kilikuwa kimepinda. Fundi kakinyoosha, tena bure."

Damu ikanipanda kichwani. "Kakinyoosha?"

"Kimenyooka kama rula."

"Mungu akunyooshe na wewe! Nani kakwambia kimepinda?"

"Si kinaonekana, mama mkubwa."

"Kinaonekana na nani? Miaka arobaini na nane napiga kunguru kwa bunduki hiyo. Umewahi kuniona nimekosa?"

Akakuna ndevu. Hajawahi. Hakuna mtu hapa Kafr Gumeiza aliyewahi kuniona nikikosa nikiwa na bunduki ile, na wapo waliokesha wakiomba wanione.

"Fundi ana neno jingine kasema," akaanza.

"Sitaki neno lake! Weka hapo, kanywe chai kwa mama yako."

Hakwenda. Alikaa kizingitini kavuta magoti, mimi nimeipakata bunduki yangu, na hasira ilipopungua kidogo nikamsimulia. Yeye alizaliwa mnara umeshajaa njiwa tena. Hakuona siku tulipokaribia kuupoteza.

Baba yangu, Metwali, hakuwa na shamba. Alikuwa na mnara wa njiwa. Ni ule ule unaouona hapo uani, babu aliujenga kwa tope na vyungu mia tatu, kila chungu kimelazwa mdomo nje, na baba akaviandikia namba kwa rangi ya buluu ajue kipi kina makinda ya umri gani. Jumanne tulipeleka makinda sokoni. Mbolea yake tuliwauzia walima matikiti. Nguo, mafuta ya taa, ada ya shule, hata dawa za mama, vyote vilitoka katika vyungu vile.

Lakini njiwa wa mnara si kuku. Humfungii mlango. Anakuja kwa hiari na anaondoka kwa hiari. Akitishwa anahama, na akihama mmoja kesho wanahama kumi, mpaka asubuhi moja unaamka unasikia kimya, umebaki na udongo wenye matundu. Baba alikuwa akitembea mnarani bila viatu. Hata kupiga chafya alitoka nje.

Mwaka nilipokuwa na miaka kumi na mitano wakaja kunguru wawili. Watu husema kunguru mwoga hukimbiza bawa lake. Hawa hawakuwa na chembe ya woga. Walijifunza kuingiza kichwa chunguni na kuvuta kinda kwa shingo, mchana kweupe. Tulitundika vibati, tulivika mti kanzu ya baba. Kunguru mmoja akaja akatua juu ya ile kanzu, begani hasa, akatuangalia. Mama akasema yule si ndege, yule ana jina.

Ng'ambo ya mfereji kulikuwa na mnara wa Dasuki. Njiwa wetu wakaanza kwenda kulala kwake. Na Dasuki, Mungu amrehemu, alikuwa na sauti kama punda wa kinu. Kila asubuhi anasimama ukingoni:

"Metwali! Wageni wako wamelala salama! Nikuletee salamu zao?"

"Waambie kodi yao iko palepale!" Baba anajibu, anacheka naye. Halafu anaingia ndani, anaumega mkate, anaurudisha kwenye sinia. Mimi nilikuwa naona.

Mkuu wa kijiji alikuwa na bunduki ya baruti, akajitolea. Baba akamshika mkono, "Bwana, mlio mmoja tu wa hiyo, na aliyebaki atahamia kwa Dasuki." Kilichotakiwa ni kitu kisichopiga kelele. Bunduki ya upepo. Na wa kuipiga alikuwa mimi.

Usicheke. Baba hakuwa na mtoto wa kiume, na hata angekuwa naye, hakuna kijana hapa aliyenifikia. Nilijifunza kwenye maulidi ya Sidi Mabruk. Kila mwaka alikuja Haji Bayumi na kibanda chake cha shabaha: bunduki sita za upepo juu ya meza, kila moja imefungwa mnyororo ili isitembee na mtu, kila moja na namba yake ya buluu kwenye kitako. Mbele ubao wenye misumari, kwenye misumari vifuniko vya soda, nyuma yake karatasi ngumu ya kuzuia risasi. Ukiangusha vitatu, pakiti ya biskuti. Vitano, bilauri. Sita, mwanasesere wa chokaa aliyepakwa mashavu mekundu.

Na bunduki zote sita zilikuwa zimepindwa vijino. Haikuwa siri. Haji mwenyewe alivigonga kwa nyundo, kila kimoja kwa upande wake, na nani angemlaumu? Angewapa watu bunduki zilizonyooka, biskuti zingekwisha siku ya kwanza na wanawe wangelala njaa. Vijana walipiga, walikosa, walitukana, walicheka, wakalipa tena.

Mimi tangu nina miaka tisa nilishika namba tatu tu. Namba tatu ilitupa kushoto, upana wa vidole viwili. Basi mimi nikalenga kulia, vidole viwili. Sikumwambia mtu ila baba. Alikuwa anasimama nyuma yangu kashika wanasesere kwapani, wawili huku watatu kule, mtu mzima na kilemba chake, na Haji Bayumi analia kwa sauti ya kuigiza:

"Metwali, binti yako atanifilisi! Muoze, nitalipa mahari mimi!"

"Nani atamuoa, Haji? Akirusha kijiko anakupata jicho."

Baba mwenyewe hakujua kupiga. Mikono yake ilikuwa ya kulea makinda. Katika maisha yangu yote sikumwona akiangusha hata kifuniko kimoja, na hakuona aibu kusema.

Basi tukauza mbuzi. Baba akafunga pauni kumi na nne ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya fulana, fulana ndani ya kanzu, tukaenda Damanhur kwenye duka la Bwana Wissa. Sikulala usiku wa kuamkia safari ile. Bunduki yangu! Isiyo na mnyororo!

Bwana Wissa alikuwa mtu mnene, mpole, miwani imefungwa uzi. Baba akamweleza hali na akamweleza kiasi tulicho nacho. Mtu mwingine angeficha, baba alisema pauni kumi na nne kabla hajakaa. Bwana Wissa akacheka.

"Wewe hujui kununua, ila umenitia haya ya kukuibia. Njoo, binti. Bunduki ya kwanza haichaguliwi kwa macho."

Akaweka tatu kwenye kaunta. Ya Kijerumani, mti wake unang'aa kama tende. Pauni thelathini. Aliniwekea tu niipapase, akairudisha. Ya pili ya Kichina, mpya, mafuta bado yanateleza, pauni kumi na moja. Moyo wangu ukaenda huko. Upya wake! Bwana Wissa akaniambia niukunje mtutu, kisha niutikise pale ulipounganishwa. Ukacheza.

"Umesikia? Leo unacheza kidogo, baada ya mwezi utacheza ngoma. Rahisi huvunja upishi."

Ya tatu ilikuwa ya Kihispania, ya mtumba, mti umechubuka, pauni kumi na tatu. Nikaikunja: springi ikaitika vizuri, bila kukwaruza. Nikautikisa mtutu, umetulia. Akanionyesha kile kipete cha ngozi kinachobana upepo, akasema kikikauka nikitonee tone moja la mafuta, si mawili. Akanipima begani. Haikuwa ndefu, haikuniangusha mbele.

"Hii ni ndugu wa zile za maulidi," akasema. "Haji Bayumi alinunua zake sita kwangu hapa, toleo hilihili. Tofauti ni kwamba hii hajaigonga nyundo."

Baba akaipokea, akaigeuzageuza, akanusa hata mafuta yake. "Ajaribu?"

Tukaenda uani. Bwana Wissa akaweka kiberiti juu ya ukuta. Nikaegemea, nikavuta pumzi, nikafyatua. Kulia. Nikapiga tena. Kulia. Nikajiambia, Inshirah, bunduki hii imenyooka, lenga katikati. Nikalenga katikati. Kidole kilipobana, mkono ukaenda wenyewe vidole viwili kulia, kama mguu unavyojua ngazi ya nyumbani gizani. Wakaniletea ya Kichina, kulia. Bwana Wissa kwa huruma akaniletea hata ya Kijerumani. Kulia! Kiberiti kimesimama pale kinanitazama. Nilipiga risasi ishirini na moja sikukigusa.

Baba alikuwa amenisifu njia nzima, kwa kondakta, kwa muuza juisi, kwa Bwana Wissa. Sasa alikuwa anatazama viatu vyake.

"Umemfundishia wapi?" Bwana Wissa akauliza.

"Kwa Haji Bayumi. Namba tatu."

"Aa." Akavua miwani akaifuta. "Basi mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Atajirekebisha. Mpe miezi mitatu."

Miezi mitatu! Mnara ulikuwa hauna hata wiki tatu. Asubuhi ile baba alikuwa amehesabu vyungu sitini vitupu.

Nililia njiani mpaka kwikwi. Nilimwambia baba aninunulie yoyote, nitajifunza, nitapiga usiku na mchana. Akanipa shali lake nijifute.

"Usilie, mama. Nitamwomba Haji atuuzie namba tatu yenyewe."

"Atakubali?"

"Tutamwomba. Kuomba si kuiba."

Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya maulidi. Baba akaenda peke yake, mimi nikabaki kulinda mnara na kibati changu. Saa tisa namsikia Dasuki kutoka ng'ambo, kicheko kinamtoa machozi, kajishika mbavu.

"Inshirah! Nenda kamchukue baba yako kabla hajauza na nyumba! Yuko kwa Haji Bayumi, kaikalisha bunduki juu ya shali alilolikunja kama anamlaza mtoto mchanga! Kapiga arobaini. Arobaini! Kifuniko kilekile kimoja! Hajakigusa! Watu wamejaa kuliko kwenye zikri!"

Nilidhani ananitania. Walipopita wengine kutoka maulidini wakanihakikishia. Metwali kapiga pauni nzima. Kila risasi anainuka, anakwenda kuchungulia ubao, anarudi, analaza tena. Watu wakamhesabia kwa sauti kama wanahesabia mpiga mieleka. Na mwisho wake, walisema, alipokosa ya arobaini, alimwomba Haji ile karatasi ngumu ya nyuma, yenye matundu, akaikunja akaitia kwapani. "Kapata zawadi!" wakapiga kelele. "Metwali kashinda karatasi!"

Pauni ya mbuzi wetu. Pauni ya bunduki yangu. Niliona aibu iliyonichoma masikio, na aliporudi magharibi nilimsimamia mlangoni, mimi, mtoto wa miaka kumi na mitano, nikamwambia maneno ambayo mama alinikemea.

"Baba, haya huna? Njiwa wanaondoka, wewe unachezea pesa kwa Haji! Kijiji kizima kinatucheka! Kama hujui kupiga, si ungeacha?"

Mama akasema, "Ishia hapo!" Baba hakukasirika. Alikuwa kachoka, jicho lake la kulengea limekuwa jekundu, linatiririka machozi. Akasema tu, "Una haki, Inshirah. Tutaona kesho," akaingia kulala bila kula.

Sikumwomba radhi. Hilo ulikumbuke, Haitham, litarudi.

Kesho yake aliondoka alfajiri akarudi jua linazama. Na mkononi, ndani ya gunia, namba tatu. Nikaijua hata kabla hajaitoa: mti ule ule, namba ile ya buluu kitakoni. Nikapiga vigelegele mama akaniziba mdomo kwa ajili ya njiwa.

"Kakubali!"

"Kakubali," baba akasema. "Kwa sharti moja. Usikanyage kibanda chake tena, maisha yako yote. Anasema umekula biskuti za kutosha. Nimempa neno langu."

Hata sikujali. Nikakimbilia juu ya paa na kopo la nyanya, nikaliweka ukingoni, nikalenga kulia vidole viwili, nikafyatua. Kopo likaruka. La pili likaruka. Baba alikuwa kakaa ngazini, kajishika kichwa kwa mikono yote miwili, na nilidhani anaomba dua.

Asubuhi nikalala kifudifudi juu ya paa nimejifunika gunia. Kunguru mkubwa alikuja kama kawaida yake, kwa madaha, akatua chungu cha mia moja na kumi na mbili, akainama. Vidole viwili kulia. Hakukuwa na mlio wowote wa kuwatisha njiwa, pa tu, kama mtu aliyefunga kitabu. Akaanguka. Wa pili nilimpata siku ya tatu. Baba akawatundika juu ya mti mrefu, na kunguru wengine walipoona wenzao wameninginia wakapitisha mbali. Wiki ya pili njiwa kumi wakarudi. Wiki ya tano Dasuki mwenyewe akavuka mfereji, kavaa vizuri, akamwambia baba, "Wageni wako wamenitoroka bila kulipa." Wakanywa chai hapa hapa ulipokaa wewe.

Mnara haukunyamaza tena mpaka leo.

Ila maulidi yalipokuja mwaka uliofuata, na miaka yote baadaye, baba alinipitisha njia ya nyuma, ya wauza mbaazi, tusione kibanda. Nilisikia milio ya shabaha na vicheko, mikono ikaniwasha. Nilijaribu mara moja kuchepuka. Akanishika kiwiko, yeye ambaye hakuwahi kunishika kwa nguvu. "Nimetoa neno, Inshirah." Basi nikamchukia Haji Bayumi. Mzee mchoyo, nikasema, anamnyima mtoto furaha ya mara moja kwa mwaka kwa ajili ya biskuti! Alipofariki, kijiji kizima kilikwenda kuhani, mimi nilibaki nafua. Baba akanisihi niende, nikakataa. Nina roho ngumu, najijua.

Na baba naye akaondoka. Mwaka wa ishirini na sita huu.

Nilipofika hapo Haitham alikuwa anachorachora chini kwa kijiti. Chai ilishapoa.

"Mama mkubwa," akasema, "naomba nikwambie alilosema fundi. Ukitaka kunipiga, nipige baadaye."

"Sema."

"Yule fundi ni mtoto wa Bwana Wissa. Alipokwisha kukinyoosha kijino ndipo akaiona ile namba kitakoni, akacheka, akaniuliza nimeitoa wapi. Nikamwambia ni namba tatu ya Haji Bayumi, marehemu babu aliinunua kwake. Akasema, haiwezekani. Namba tatu ya Haji Bayumi iko pale dukani, ukutani. Wanawe waliwauzia alipofariki. Akanionyesha. Ina tundu kitakoni, nene kama kidole, la kupitishia mnyororo. Zote sita zina tundu. Hebu tazama hii yako."

Sikuwa na haja ya kutazama, lakini nikatazama. Miaka arobaini na nane nimeipaka mafuta, nimeifuta, nimeilaza kando ya kitanda changu. Kitako kizima. Hakijatobolewa popote. Na ile tatu ya buluu, ina mkia mrefu unaojikunja mwishoni, ndivyo baba alivyoandika tatu kwenye vyungu vya mnara.

"Anasema baba yake alikuwa akiisimulia mpaka anakufa," Haitham akaendelea, polepole sasa. "Kwamba Haji alikataa katakata kuuza namba tatu, ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Na kwamba kesho yake akaja Damanhur mzee mmoja ana karatasi yenye matundu arobaini, akanunua ile ya mtumba ya Kihispania, nzima, imenyooka, akalipa, halafu akaazima koleo. Akalifunga kitambaa lisiache alama. Akakaa uani kwao mchana kutwa, anakipinda kijino kidogo, analaza bunduki juu ya shali lake, anapiga ukutani, anapima na ile karatasi, anapinda tena. Bwana Wissa alikuwa akisema ndiye mteja pekee aliyenunua bunduki nzuri kwa pesa yake ya mwisho akaiharibu mbele ya macho yake."

Nikaipapasa ile tatu kwa kidole.

Arobaini! Hakuwa anakosa. Alikuwa analenga katikati ya kifuniko kilekile kimoja, kijiji kikimhesabia na kumcheka, ili ajue namba tatu inatupa wapi hasa, apate kuubeba upindaji wake nyumbani. Mtu asiyejua kupiga, jicho jekundu. Na akaja kunikuta mlangoni. Haya huna, nilimwambia. Una haki, akanijibu.

Na hakuniambia, kwa sababu ananijua. Ningejua ni bunduki nyingine, mkono wangu ungesita, na kunguru asingenisubiri niache kusita. Akamsingizia Haji sharti ili nisije kuiona namba tatu ya kweli bado iko kwenye mnyororo wake. Kisha akalibeba neno la uongo miaka yote, mtu ambaye hakuweza kumficha muuza duka pauni kumi na nne.

Nililia, sikuona haya. Nisamehe baba. Nililia mpaka Haitham akatoka kwenda kumwita mama yake, nikamwita arudi.

"Ijumaa utanipeleka makaburini," nikamwambia. "Kwa baba yangu, na kwa Haji Bayumi. Namdai Haji Fatiha ya miaka mingi... La. Yeye ndiye ananidai."

"Haya, mama mkubwa. Na kijino je? Fundi anaweza..."

"Fundi asiiguse. Kalete koleo la marehemu babu yako, liko nyuma ya mtungi."

Akaleta. Nikachana ncha ya kitambaa changu cha kichwa, nikalifunga koleo. Nikamwambia asimamishe kopo juu ya ukuta wa mfereji na nyuma yake ukurasa wa kalenda. Nikakunja shali langu, nikalaza bunduki juu yake kama anayemlaza mtoto. Karatasi ya baba sinayo, sijui aliitupa wapi. Lakini vidole viwili ninavyo.

Nikapinda kidogo. Nikalenga katikati ya kopo. Nikapiga. Nikaenda kutazama. Kidogo tena. Nikapiga. Ilipita mno, nikarudisha. Nikapiga. Jua likasogea. Kopo halikutikisika, na ng'ambo ya mfereji akatokea mtoto wa Dasuki, kachukua sauti ya baba yake yote, na nyuma yake wajukuu wamejipanga wanatazama.

"Bibi Inshirah! Macho yamekwisha? Hiyo ya kumi na ngapi? Tukuletee miwani?"

Wakaangua kicheko. Haitham akasimama, uso umemwiva, kafungua kinywa amjibu.

"Kaa," nikamwambia. "Mwache acheke. Nipe risasi nyingine."